Hesabu Sekunde Kabla ya Kushika Bisibisi

Mwalimu wa karakana, walimu wote, wazazi mliowasindikiza vijana wenu, shikamooni. Vijana wangu, hamjambo? Wale mliosimama mlangoni sogeeni huku mbele, maana leo nataka muone kwa macho, kusikia peke yake hakutatosha.

Mwaliko uliniomba nizungumzie mustakabali wa ufundi wa elektroniki nchini. Mada hiyo nawaachia wenye suti. Mimi nimekuja na monita. Hii hapa mezani ni ya mama mmoja mwenye stesheneri Sinza, LCD ya inchi 17, ya umbo la karibu mraba, ya kizazi kile kilichoingia kwa wingi miaka ya 2000 na kuziondoa mezani monita za chogo. Nyuma ya kioo chake hamna LED. Kuna mirija ya taa, miembamba kama spoku za baiskeli, na hiyo mirija ndiyo inayofanya muone picha.

Msidhani nimewaletea kitu cha makumbusho. Pita stesheneri za Mwenge, kaunta za maduka ya dawa Buguruni, vibanda vya walinzi vyenye kamera, maabara za kompyuta za shule zetu. Zimejaa. Na zikirudi kwa fundi, nyingi zinarudi na maneno yaleyale aliyonipa mama huyu: "Fundi, inawaka vizuri, halafu inajizima yenyewe."

Fundi wa kubahatisha hapo hapo ana jibu. "Hiyo pawa saplai mama, acha hela ya spea, pita jioni." Bado hajaiwasha. Mimi nawaomba mkatae kuwa fundi wa namna hiyo, na sisemi hivyo kwa sababu ya maadili tu. Ni kwa sababu monita inayojizima inakuambia mengi kuliko monita iliyokufa. Iliyokufa haisemi kitu, mpaka uifuate waya kwa waya. Inayojizima ina sehemu ndani yake ambayo iko hai, inapima, imeona jambo haliko sawa, ikakata. Kazi yenu ni kujua nani kakata na kaona nini. Na shahidi wa kwanza ni saa. Imezima baada ya muda gani?

Haya, nawasha. Hesabuni kwa sauti, wote. Moja. Mbili. Basi! Hata tatu hatukufika.

Tulieni. Kwanza, mliona picha? Mliiona, tena safi, nyeupe yake nyeupe kweli, haina wekundu. Kumbukeni hilo la wekundu, nitalirudia. Pili, angalieni hiki kitaa kidogo cha pembeni, karibu na swichi. Kipo kijani mpaka sasa hivi. Kwa hiyo ubongo wa monita uko macho. Haujalala, haujakata umeme. Sasa naomba mtu azime taa za ukumbi, na wewe kijana wa shati la bluu njoo na tochi ya simu yako. Usimulike kwa kuikabili, inamisha, mulika kwa ubavu. Soma. Unaona nini?

Anasema anaona herufi. Waambie wenzako kwa sauti. Anaona dirisha la kompyuta lilelile, limefifia kama kivuli, lakini lipo!

Basi mmeshapunguza kazi kwa nusu kabla ya kufungua skrubu hata moja. Kompyuta inatuma picha, waya wa VGA unaileta, bodi ya picha inaichora, kioo kinaionyesha. Kilichokosekana ni mwanga wa nyuma tu. Mteja anasema monita imezima; monita yenyewe inasema taa zimezima. Mtu asiyejua hili atabadilisha bodi ya picha, atabadilisha waya, atampigia mteja simu kumwambia kioo kimekufa, na tochi ya simu anayo mfukoni.

Washeni taa. Niwaeleze kwa nini ni sekunde mbili na siyo kumi.

Mirija ile haiwaki kwa volti 12. Inahitaji mamia ya volti kuendelea kuwaka, na wakati wa kuamka inapanda hadi kupita 1,000. Kazi hiyo hufanywa na inveta, ambayo ama ina bodi yake ndogo ndefu au imechorwa kwenye bodi moja na pawa saplai, yaani sehemu inayogawa umeme ndani ya monita. Inveta ikiwasha taa inapima mkondo unaorudi kutoka kwenye kila mrija. Inavumilia kidogo, sekunde moja au mbili, kwa sababu mrija wenye afya nao unahitaji muda wa kuamka. Muda huo ukiisha na mkondo hauko sawa, inakata zote. Imeundwa hivyo makusudi. Volti nyingi ikikosa njia ndani ya mrija itatafuta njia nyingine, itaruka cheche, itachoma bodi.

Kwa hiyo sekunde mbili ni saini ya inveta. Lakini msikimbilie kuilaumu. Inveta inaweza kukata kwa sababu mrija mmoja umechoka, na hapo mara nyingi utaona dalili kabla ya giza: picha ina wekundu au upinki, hasa upande mmoja, juu au chini. Ndiyo maana niliwaambia mkumbuke rangi. Inaweza kukata kwa sababu transfoma yake ndogo imeungua au plagi ya taa imelegea. Na inaweza kukata kwa sababu yenyewe inanyimwa chakula: umeme unaoingia kwake unashuka pale tu inapojaribu kuwasha taa. Hii ya mama wa Sinza nimeipima jana. Njia ya umeme inayokwenda kwenye inveta ilisoma volti 14 kabla ya taa kuwaka. Taa zilipowaka ikadondoka hadi 9, inveta ikakata, ikarudi 14 kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukipima monita ikiwa imeshazima utaona 14, utasema pawa saplai nzima, utafunga. Pima wakati inazimika, mita iwe imeshika kabla hujabonyeza swichi.

Sasa hiyo ni habari ya sekunde mbili. Saa ikisema kitu kingine, hadithi ni nyingine.

Mteja akikwambia inazima baada ya dakika tano au kumi, muulize kwanza kitaa kinakuwa rangi gani. Kikigeuka njano au rangi ya chungwa, monita imelala kwa kukosa picha, haijaharibika. Kompyuta nyingi zimewekewa zizime kioo zisipoguswa kwa muda, na waya wa VGA ambao skrubu zake mbili hazijafungwa unachomoka kidogo kidogo kila meza ikitikiswa. Na tafadhali, msiijaribu monita bila kuiunganisha na kompyuta. Ukichomoa waya itaandika kwamba hakuna picha, itakaa kidogo, italala. Hiyo ndiyo tabia yake ikiwa nzima. Nimeona monita inafunguliwa mpaka kioo kinatolewa kwa sababu fundi aliiwasha peke yake, akaona imelala, akasema "naam, nimeona tatizo".

Ikizima baada ya dakika nyingi na kitaa nacho kinazimika, fikiria joto. Kiungo cha risasi kilichopasuka kinagusana kikiwa cha baridi, kikipanuka kwa joto kinaachana. Gonga bodi taratibu kwa mpini wa plastiki, utaona inazima na kuwaka kwa kugongwa. Upande wa pili kuna ile inayogoma asubuhi, inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, halafu ikishapata moto inafanya kazi mchana kutwa. Hiyo mara nyingi ni kapasita, kile kikopo kidogo kinachotunza umeme kwenye bodi, kwa sababu kapasita iliyochoka inakuwa mbaya zaidi ikiwa ya baridi. Chukua draya ya saluni, zipashe kapasita za pawa saplai dakika moja mbili, washa. Ikiwaka mara moja, umeshampata mwizi wako bila kununua kifaa chochote.

Inayozima ovyo, leo baada ya saa moja, kesho baada ya dakika mbili, anzia nje. Badilisha waya wa umeme. Toa ile ekstensheni ya bei chee ambayo pini zake zimelegea. Kisha angalia swichi yenyewe. Unyevu wa Dar na chumvi ya bahari, hasa kwa wateja wa Kigamboni na Msasani, vinaingia kwenye kile kitufe kidogo kikaanza kuvuja. Monita inadhani umeibonyeza. Pima kitufe kwa mita kikiwa hakijabonyezwa: kinatakiwa kiwe wazi kabisa, kikisoma kilo-ohm kadhaa, kitoe. Na mkifungua msishangae kukuta sisimizi wamejenga, au mjusi mkavu amelala juu ya fyuzi. Hao nao ni sehemu ya elektroniki ya mji huu, vitabu haviwataji.

Turudi kwenye kapasita, kwa sababu monita nyingi za umri huu mtakazozifungua zitawapeleka huko.

Kapasita hizi za silinda zina maji maalumu ndani, yaani elektroliti. Yakikauka au yakioza, ukinzani wa ndani unapanda, ule mafundi tunaouita ESR. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dunia nzima ilikumbwa na kapasita zenye elektroliti mbovu. Bodi za kompyuta, pawa saplai na monita zikafa mapema. Lakini hata kapasita nzuri ina umri, na umri wake unaandikwa kwa joto. Chukua kapasita iliyopewa saa 2,000 kwenye nyuzi 105. Kanuni tunayotumia ni kwamba kila joto likishuka nyuzi 10, maisha yanaongezeka mara mbili. Kwenye nyuzi 95 ni saa 4,000, kwenye 85 ni 8,000, kwenye 75 ni 16,000, kwenye 65 ni 32,000. Stesheneri inayofungua saa 10 kwa siku, hizo saa 32,000 ni karibu miaka 9. Ongeza nyuzi 10 tu, miaka 9 inakuwa minne na ushee.

Na nani anaongeza hizo nyuzi 10? Kitambaa! Wazazi mtanisamehe. Kile kitambaa cha kufuma kizuri chenye maua, kinachotandikwa juu ya monita isipate vumbi, kinaziba matundu ya hewa yaliyoko juu pale pale. Kama mnapenda kitambaa, kitandikeni monita ikiwa imezimwa na imepoa. Asubuhi kitoeni.

Kabla sijawaonyesha ndani, kuna jambo nalisema nikiwa nimesimama wima. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Ukishapita kwenye daiodi na kujaa kwenye ile kapasita kubwa ya pawa saplai, unakuwa kama volti 325 za moja kwa moja, na unaweza kubaki humo hata ukiwa umechomoa waya ukutani. Watu wanaipiga shoti kwa bisibisi, cheche inaruka, wanacheka. Mnaharibu bisibisi, mnaharibu kapasita, na siku moja mtaharibu jicho. Chukua rezista ya kilo-ohm 10 ya wati 5, ifunge waya mbili zenye ganda zuri, shikilia kwenye miguu ya kapasita kwa sekunde kumi, kisha pima kwa mita. Mita isome karibu na sifuri ndipo mkono uingie. Monita za chogo, ambazo bado zipo zipo mitaani, ndani zina volti zinazofika 25,000 kwenye kichogo. Hizo mwanafunzi hafungui peke yake. Sina zaidi la kusema juu yake.

Njooni sasa muone bodi. Hapa pana kapasita mbili za mikrofaradi 1,000, volti 25, ndizo zinazolinda ile njia ya volti 14. Tazameni vichwa vyake. Jirani yake huyu kichwa chake ni bapa. Hizi mbili zimevimba, ule mchoro wa msalaba juu yake umenyanyuka katikati, na hii ya kulia imetoa ukoko wa kahawia kwenye mguu. Hizo zimejisaliti zenyewe. Lakini nyingine hufa zikiwa zimenyooka vizuri, na mita ya kawaida ya kupima mikrofaradi inaweza kukwambia ni nzima. Mita ya ESR ndiyo inayosema kweli. Karakana ikiwa na fedha ya kununua kifaa kimoja mwaka huu, mwalimu, naomba kiwe hicho.

Za kubadilishia, mikrofaradi ziwe zilezile, volti ziwe zilezile au zaidi kidogo, nyuzi 105, za ESR ndogo, na kimo kisizidi nafasi ya ganda la nyuma. Zile za nyuzi 85 za bei ya kutupa zitakurudishia mteja ndani ya mwaka. Mkizunguka Kariakoo, kuanzia Msimbazi kuelekea Aggrey, mtapewa za kila namna. Ombeni kuziona na kuzishika. Msinunue zilizotolewa kwenye bodi nyingine eti ni za jina kubwa. Nazo zimeshakula umri wake. Na alama ya mstari pembeni ni hasi. Ukiifunga kinyume itapasuka usoni kwako, na usimlaumu muuzaji.

Mtakutana na ushauri mwingine pia, wenye umaarufu kwa sababu unafanya kazi haraka: tafuta mguu wa ulinzi kwenye saketi ya inveta, uufunge usihisi kitu, taa hazitazima tena. Ni kweli hazitazima. Mteja anaondoka anafurahi. Ila umeondoa kitu pekee kilichokuwa kinazuia volti 1,000 isitafute njia kwenye plastiki, kwenye duka lililojaa karatasi, na mwenyewe amekwenda kula. Mimi hilo silifanyi kwa bei yoyote, na nikiliona kwenye monita ya mteja naliondoa kwanza, ndipo tuzungumze.

Mrija wenyewe ukiwa ndio umechoka, una njia mbili. Utafute mrija wa urefu na unene uleule, kazi ya mkono mwepesi kwa sababu unavunjika kwa kupumuliwa. Au uondoe mirija yote na inveta yake, uweke ukanda wa LED pamoja na bodi yake ndogo, yenye waya wa umeme, wa ardhi, wa kuwasha na wa kupunguza mwanga. Mimi siku hizi naelekea kwenye LED, ingawa rangi haitakuwa ileile na mteja wa picha za pasipoti lazima aambiwe kabla. Mrija uliotoka msiuvunje wala msiutupe jalalani. Una zebaki ndani. Fungeni kwenye boksi gumu, wekeni kando na taka nyingine za umeme, wapewe wanaozikusanya.

Kuna pia siku ya kusema hapana. Kioo kikiwa na ufa, au mistari ya wima isiyotoka, na juu yake taa zimechoka, mwambie mteja ukweli na umrudishie mzigo wake. Toza hela ya kupima, hiyo ni haki yako, umetumia akili na muda. Waswahili wana aibu kulipia kupimwa. Sisi ndio tutakaowazoesha.

Ukishabadilisha kapasita, usimpigie mteja simu kwa furaha ya sekunde ya tatu. Rudisha ganda, funga skrubu zote, weka mwanga juu kabisa, iache iwake saa mbili tatu mahali palipo na joto. Izime, ipoe kabisa, iwashe tena. Pima ile njia ya volti kabla na baada ya taa kuwaka, uandike zote mbili kwenye karatasi ya kazi. Ikirudi baada ya miezi sita utakuwa na pa kuanzia.

Hii ya mama wa Sinza sijaibadilisha kapasita makusudi. Pasi ya risasi imeshapata moto pale kwenye meza ya mwalimu, kapasita mpya ziko kwenye bahasha. Nataka watu wawili: mmoja wa kuzitoa hizi kapasita mbili, ile kubwa ya pawa saplai ikiwa imeshamwagwa umeme wake, mwingine wa kushika mita na kutusomea. Kama 14 haitashuka tena, monita itachukuliwa jioni hii. Ikishuka bado, tutaitazama mirija. Nani anaanza?